Huko juu nako kuna kaskazi na kusi

(Haya maneno niliyasema kwenye ukumbi mmoja hapa Malindi, mbele ya wanafunzi, mafundi redio na wavuvi. Watu wakaniomba niyaandike, nimeyaandika vile vile yalivyotoka mdomoni.)

Wazee wetu mliokaa hapo mbele, shikamooni. Kina mama, vijana, mafundi wenzangu, asanteni kwa kuja, najua jua la saa hizi mtu hatoki nyumbani bila sababu.

Nianze na redio ya marehemu baba. Ilikuwa inakula betri nne zile kubwa, na pale kwenye kioo cha stesheni alikuwa amebandika kipande cha plasta na kukiweka alama mbili kwa kalamu ya risasi, moja ameandika Machi nyingine Oktoba. Manake kila mwaka ikifika mwisho wa Machi idhaa aliyoizoea ya taarifa ya habari inapotea pale ilipo, unazungusha kitufe unaikuta sehemu nyingine, alafu mwisho wa Oktoba inahama tena. Mzee hakuwa na maelezo, yeye alijua tu redio ina misimu kama bahari ilivyo na misimu, ukikosa kujua msimu utakosa habari.

Na alikuwa sahihi kabisa. Stesheni za masafa mafupi dunia nzima zinapanga ratiba kwa misimu miwili, msimu A unaanza Jumapili ya mwisho ya Machi, msimu B Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ulaya nao huwa wanasogeza saa zao siku hizo hizo, hilo lipo, lakini ukiuliza kwa nini msimu huu watumie mawimbi ya mita 25 na msimu ule ya mita 41, jibu haliko Ulaya wala haliko kwenye saa, jibu liko juu ya vichwa vyetu kilomita mia tatu hivi, kwenye kitu kinaitwa ayonosfia. Mtambo wa BBC wa kule Shelisheli uliokuwa ukitufikia sisi watu wa pwani ulizimwa 2014, ule wa Deutsche Welle wa Kigali ukazimwa 2015, na mimi hilo liliniuma, kwa sababu tulipoacha masafa mafupi tukaacha pia kuuhisi huo msimu wa juu. Lakini haujaondoka, bado uko, na leo unagusa simu mliyonayo mfukoni. Ndo maana nimekuja.

Sasa ayonosfia ni nini. Ni hewa ile ile, ila ni ile nyembamba ya juu, kuanzia kama kilomita 60 hadi kufika kilomita 1000, ambayo miale mikali ya Jua, urujuanimno na eksirei, inaipiga na kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Elektroni zikishakuwa huru zinaweza kurudisha wimbi la redio chini, na ndivyo sauti ilivyotoka Ulaya ikavuka jangwa ikashuka kwenye kibaraza cha baba. Marconi alivusha alama ya redio bahari ya Atlantiki Desemba 1901 na watu wakashangaa, wimbi linanyooka na dunia ni mviringo, limepindaje? Mwaka uliofuata Kennelly kule Marekani na Heaviside kule Uingereza kila mmoja kivyake akasema lazima kuna kitu juu kinachorudisha wimbi, na Desemba 1924 Appleton akalipima kweli, kazi iliyompa tuzo ya Nobel 1947. Tabaka za chini, D na E, leo nazipita. Mi nataka tukae kwenye tabaka la juu yake linaloitwa F2, ambalo kilele chake huwa kati ya kilomita 250 na 400, na upande wa juu wa kilele hicho, huko ndiko mambo ya ajabu yaliko. Kile kituo cha anga cha kimataifa kinachozunguka na wanaanga wake kiko kilomita kama 400, yaani wale watu wanaishi ndani ya ayonosfia.

Shikeni kitu kimoja tu kabla sijaendelea. Pale kwenye kilele saa sita mchana, ndani ya mita moja ya ujazo unaweza kukuta elektroni huru kama trilioni moja. Ni nyingi, eeh? Lakini kwa kila elektroni moja kuna chembe kama elfu moja za hewa ya kawaida ambazo hazijaguswa. Kwa hiyo ayonosfia ni kama chumvi kwenye maji, maji yakienda na chumvi inaenda. Ukitaka kujua misimu ya elektroni usiangalie elektroni peke yake, angalia ile hewa inayozibeba.

Haya, kitendawili chenyewe. Ungeulizwa lini elektroni zitakuwa nyingi zaidi, kiangazi au wakati wa baridi, ungesema kiangazi, si Jua liko juu na linachoma zaidi? Nami ningesema hivyo. Sasa mji wa Slough kule Uingereza walikuwa wanapima tangu miaka ya 1930, wanarusha mapigo ya redio juu wima wanasubiri yarudi, masafa ya juu kabisa yanayorudi ndo yanakwambia wingi wa elektroni pale kileleni. Na miaka ambayo Jua liko kwenye kilele cha shughuli zake, mchana wa Desemba, baridi, Jua lipo chini karibu na upeo, wanapata zaidi ya megahezi 10. Mchana wa Juni, kiangazi chenyewe, wanapata kama 7 au 8. Na wingi wa elektroni unakwenda kwa mraba wa masafa, kwa hiyo hiyo tofauti si ndogo, inaweza kuwa karibu mara mbili. Wakati wa baridi nyingi, kiangazi chache! Usiku hali inarudi vile unavyotegemea, baridi inakuwa na elektroni chache, lakini ule mchana ulisumbua vichwa vya watu miaka na miaka.

Fikirini pipa la maji. Lina bomba la kujaza juu na lina tundu la kuvuja chini. Kiwango cha maji hakiamuliwi na bomba peke yake. Bomba ni Jua, linazaa elektroni. Tundu ni nini? Tundu ni naitrojeni.

Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lote. Kule juu hewa sehemu kubwa ni oksijeni iliyoachana, atomu moja moja, si mbili mbili kama hii tunayovuta. Atomu ya oksijeni ikipoteza elektroni inakuwa ioni, na ioni hiyo ikiwa peke yake inachukua muda mrefu sana kushika elektroni nyingine. Lakini ikigongana na molekuli ya naitrojeni, wanabadilishana, inazaliwa ioni ya molekuli, naitrojeni na oksijeni zimeshikana, na hiyo sasa ina njaa, inameza elektroni mara moja na kuvunjika vipande viwili. Elektroni imekwisha. Kwa hiyo oksijeni ndo inazaa na naitrojeni ndo inaua. Oksijeni ikizidi pipa linajaa, naitrojeni ikizidi tundu linapanuka. Kiangazi bomba limefunguliwa zaidi ni kweli, lakini tundu nalo limepanuka kuliko bomba. Wazo hili la mchanganyiko wa hewa walilitoa wanasayansi wawili, Rishbeth na Setty, mwaka 1961, na mi naliona ni moja ya mawazo mazuri sana kwenye fizikia ya anga, maana watu wote walikuwa wamekaza macho kwenye Jua na hawa wakageuka wakaangalia hewa.

Na nani anapanua tundu? Upepo. Upande wa dunia ulio kwenye kiangazi hewa ya juu inapata joto, inavimba, inapanda, na ikipanda inanyanyua naitrojeni ambayo ni nzito na kwa kawaida inakaa chini. Alafu ile hewa iliyovimba inasukumwa kuvuka kwenda upande wenye baridi, huko inashuka, na inaposhuka inaleta oksijeni nyingi kutoka juu. Upande wa kiangazi umeachiwa naitrojeni, upande wa baridi umeletewa oksijeni. Basi, kitendawili kimefunguka.

Wavuvi mlioko hapa sasa hili ni lenu. Desemba mpaka Machi nyinyi mnajua upepo gani, kaskazi, unatoka kaskazini kunakobaridi unakuja kusini kwenye joto. Juu kule kilomita mia tatu miezi hiyo hiyo upepo mkubwa wa msimu unakwenda kinyume, unatoka kusini kwenye kiangazi unaelekea kaskazini kwenye baridi. Na kusi ikivuma huku chini kutoka kusini, juu kule unateremka kutoka kaskazini. Chini hewa inakimbilia kwenye joto, juu inakimbia joto. Mababu zetu walipanga safari za majahazi kwenda Maskati na kurudi kwa kaskazi na kusi, na elektroni nazo zina safari zao za msimu, ila tanga limegeuzwa. Ukilishika hilo hutasahau tena ayonosfia inafanyaje, mimi mwenyewe ndivyo ninavyokumbuka.

Na msidhani hii ni sayansi ya watu wa mbali. Hapo Ngomeni, ukitoka hapa Malindi ukaenda kaskazini kidogo, yale majukwaa ya chuma yanayoonekana baharini kwenye ghuba ya Ungwana, vijana wengi wanayaona kama mabaki tu. Waitaliano chini ya profesa Luigi Broglio waliyasimamisha, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha kutoka pale setilaiti San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa nyingine ya Wamarekani ya kupima eksirei za nyota ikapewa jina la Uhuru, hiyo wengi mmeisikia. Lakini inayonigusa mimi kwa habari ya leo ni San Marco 3, Aprili 24 mwaka 1971, kwa sababu ilibeba kifaa cha Broglio cha kupima jinsi hewa nyembamba inavyoikokota setilaiti pamoja na vifaa vya kupima mchanganyiko wa hewa kule juu, naitrojeni kiasi gani na oksijeni kiasi gani. Yaani lile swali la pipa na tundu, sehemu ya kulijibu imetoka kwenye maji yenu mnayovulia. Setilaiti ya mwisho kurushwa pale ilikuwa Machi 1988. Ningependa siku moja kila mtoto wa Ngomeni ayajue haya kabla hajafika darasa la saba.

Sasa tupande juu zaidi. Wale wa Slough na wenzao wote walikuwa na shida moja, ukipiga wimbi kutoka chini linarudi mpaka masafa ya kilele tu, ukiongeza masafa linatoboa linaenda zake halirudi. Kwa hiyo ayonosfia ilikuwa mlima unaouona upande mmoja, mgongo wake hakuna aliyewahi kuuona wote. Kanada ndo waliotatua, wakatengeneza setilaiti inaitwa Alouette 1, ikarushwa kutoka California tarehe 29 Septemba 1962, ikakaa kilomita kama 1000 juu na kuanza kupiga mapigo ya redio kuelekea chini. Kupiga kutoka juu! Ilidumu miaka kumi.

Huko mgongoni mambo yanabadilika. Hewa ni nyembamba mno, elektroni na ioni haziendi popote zinapotaka, zimefungwa kwenye mistari ya sumaku ya dunia, zinateleza tu juu na chini kama shanga kwenye uzi. Na nyuzi hizo zimepinda, zinatoka upande mmoja wa dunia zinapanda zinashukia upande wa pili. Sasa ule upepo wa msimu unaotoka kiangazini ukizisukuma shanga, upande wa kiangazi zinapanda uzi, upande wa baridi zinateremshwa. Kwa hiyo kile kitendawili cha Slough, ukipanda hadi kilomita mia nane au elfu moja kwenye latitudo za kati, kinapinduka, kule juu sasa kiangazi ndo chenye elektroni nyingi, maana joto pia limeivimbisha plazma, yaani huo mchanganyiko wa elektroni na ioni, ikapanda. Mlima mmoja, kileleni unasema hivi mgongoni unasema vingine, na huu upande wa baridi usiku ukiingia ioni za haidrojeni zinashuka chini kuliko kawaida kwa sababu oksijeni imepoa na kusinyaa. Hata gesi ya heli, ile ya kujazia baluni, ina msimu wake, inarundikana juu ya upande wenye baridi, imebebwa na upepo ule ule.

Jambo lingine niseme haraka. Dunia inakuwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Mwanga tunaoupokea unatofautiana kama asilimia 7. Na kweli ukijumlisha ayonosfia ya dunia nzima Desemba inashinda Juni, ila inashinda kwa zaidi ya hiyo asilimia 7, na wataalamu bado wanavutana kuhusu hiyo ziada inatoka wapi. Vijana mnaotafuta kitu cha kusomea, hicho hapo.

Turudi kwetu. Sisi hatuna baridi na kiangazi vya Slough, je sisi misimu yetu iko wapi? Iko Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba, pale Jua linapovuka ikweta. Ila ikweta ya sumaku haipiti Nanyuki kama ile ya ramani, imepanda kaskazini imepita Ethiopia. Juu ya mstari huo mchana umeme wa asili unainua plazma kwenda juu, alafu inateleza kwenye zile nyuzi za sumaku kushuka pande zote mbili, kama chemchemi, inarundika vilima viwili, kimoja kaskazini kimoja kusini, kila kimoja kama digrii 15 kutoka ikweta hiyo ya sumaku. Kilima cha kusini kinapita juu ya Kenya na Tanzania. Yaani sisi tumekaa chini ya mojawapo ya sehemu nene kabisa za ayonosfia duniani, na inanenepa zaidi kwenye hiyo miezi minne niliyotaja, inakonda Juni na Julai. Kipokezi cha GPS kilichoko hapa Malindi kimeonyesha hivyo mwaka baada ya mwaka.

Unene huo unakuhusu nini? GPS inapima muda wa wimbi kutoka setilaiti, na elektroni zinalichelewesha. Wanasayansi wana kipimo, elektroni elfu kumi trilioni kwa kila mita ya mraba ni yuniti moja, na kila yuniti inaongeza kosa la sentimita 16 hivi kwenye masafa ya kawaida ya GPS. Mchana mzito wa Machi, miaka Jua likiwa kileleni kama ilivyokuwa 2024, unaweza kupata yuniti mia moja. Pigeni hesabu, mita 16. Kiwanja cha futi hamsini kwa mia, mita 16 ni upana mzima umekwenda kwa jirani. Ndo maana vifaa vya wapima ardhi vinatumia masafa mawili, vinalinganisha ucheleweshaji vinautoa, na simu mpya nazo zimeanza kufanya hivyo.

Lakini kuna kitu ambacho masafa mawili hayakiponyi. Mwaka mmoja nilikuwa na kikosi cha upimaji, mwishoni mwa Machi, kazi ilichelewa tukasema tumalize jioni. Jua likazama, ilipofika kama saa mbili usiku setilaiti moja ikapotea kwenye kioo, ikaja ya pili, zikarudi, zikapotea tena, mpaka saa nne hivyo hivyo, mbingu nyeupe haina wingu. Kesho yake jioni ikawa hivyo. Kifaa kikarudishwa kwa aliyekiuza, kikapimwa, hakina kasoro. Kasoro ilikuwa viputo.

Viputo vinazaliwa hivi. Jua likizama tabaka za chini zinakufa haraka, ile F inabaki juu nzito imeelea juu ya utupu, ni kama umemwaga maji juu ya mafuta, mafuta hayakubali, yanapanda. Utupu unatoboa plazma unapanda kama viputo, mamia ya kilomita, na wimbi la setilaiti likipita humo linametameta kama nyota inavyometameta, kipokezi kinalipoteza. Na kwa nini Machi na Septemba? Kwa sababu huku kwetu dira ya sumaku inaelekeza karibu kaskazini halisi, na miezi hiyo mstari wa machweo nao unasimama kaskazini kusini, kwa hiyo giza linafika kwenye ncha zote mbili za uzi wa sumaku kwa wakati mmoja, umeme wa jioni unapata nguvu ya ghafla na F inarushwa juu. Kule Brazil dira imepinda kama digrii 20 kwenda magharibi, machweo yanalingana na nyuzi zao kuelekea Desemba, kwa hiyo viputo vyao vina msimu tofauti na wetu. Jua ni moja, sumaku ndo imewapangia ratiba nyingine.

Basi nilipofika hapo binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, kwa hiyo mtu akitaka kupima shamba la babake vizuri apime lini? Nikamwambia apime Juni au Julai, kusi ikiwa inavuma, aanze asubuhi mapema kabla ya saa tatu, na ikibidi iwe Machi au Oktoba basi afunge vifaa kabla ya magharibi. Mzee mmoja mvuvi akadakia kutoka mbele akasema na sisi wa baharini usiku wa Machi? Nikamjibu, mzee wangu, kuanzia saa moja mpaka saa sita usiku dira yako iwe karibu na mkono, na kile kifaa cha GPS kikizima usikipige, kisubiri, kitarudi chenyewe.